Barua za Baada ya Jumapili

"Nimesema hapana! Ni neno fupi tu, sijui kwa nini halikuingii kichwani."

"Limeniingia, kaka. Ninachokosa ni sababu yake."

"Sababu ni kwamba hapa mkubwa ni mimi."

"Ukubwa huo ni wa kuzaliwa. Seva haijui nani alitangulia kunyonya."

Mwalimu mkuu wa shule moja, aliyekuwa amesimama mlangoni akisubiri barua pepe zake zifunguke, alicheka. Alijitahidi kukigeuza kicheko kiwe kikohozi, lakini kilikuwa kimeshatoka. Wazazi wenzangu, kicheko kile ndicho kilichoibomoa nyumba ninayowasimulia.

Ofisi ya ndugu hawa wawili ilikuwa ya vyumba viwili, juu ya duka la viatu. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, simu na viti vya wateja. Cha ndani kilikuwa na seva na kiyoyozi chake, na mlango wake haukuachwa wazi hata kidogo. Kazi yao ilikuwa kutunza barua pepe za shule, zahanati na ofisi ndogo ndogo zisizo na mafundi wao. Kaka mkubwa wateja walimwita Bwana Seva. Mdogo wake hakuwa na jina la utani, ingawa wote wawili walisoma chuo kimoja na kufaulu sawa.

Siku ile diski ilikuwa imejaa. Shule zilikuwa zimetumiana matokeo ya mitihani pamoja na mapicha ya sherehe, na tangu asubuhi hakuna barua iliyoingia wala kutoka. Simu ililia mfululizo. Ndugu walibishana namna ya kupata nafasi.

Niwaeleze kwa lugha ya nyumbani, ili msibaki mlangoni. Hifadhidata ya barua pepe ni sanduku moja kubwa ambamo barua za watu wote hulala. Barua ikifika, seva haiitumbukizi sandukuni hivi hivi. Kwanza huiandika kwenye faili ndogo ndogo ambazo mafundi huziita logi, kisha ndiyo inaiweka mahali pake. Ofisi hii kila Jumapili ilinakili sanduku zima. Hiyo ni nakala kamili. Na kila usiku ilinakili zile logi za siku hiyo tu, halafu ikazifuta ili diski ipumue. Sanduku likiharibika Ijumaa, unarudisha la Jumapili, unalilisha logi za Jumatatu, za Jumanne, na kuendelea mpaka dakika ya ajali. Hakipotei kitu.

Lakini kuna namna nyingine, nayo ni ya mzunguko. Seva huwa na logi chache tu. Ikifika ya mwisho, inarudi kwenye ya kwanza na kuandika juu yake. Diski haijai tena, na fundi halali na wasiwasi. Ila nakala za usiku zinakufa, kwa sababu hakuna logi zilizokamilika za kunakili. Sanduku likiharibika Ijumaa, unarudi Jumapili, na yaliyokuja baadaye unayaaga.

"Tunakili hifadhidata yote sasa hivi," mdogo alisema. "Logi zitafutika zenyewe baada ya hapo. Wateja watavumilia mpaka jioni, na wiki hii tunanunua diski kubwa."

"Mpaka jioni? Huyu mwalimu umemwona anavyotikisa mguu?"

"Nimemwona. Afadhali atikise mguu leo kuliko kushika kichwa kesho."

"Naiweka kwenye mzunguko. Dakika moja, watu wanaendelea na kazi. Ni kwa muda tu."

"Kaka, kwa muda wa nani? Seva ikianguka katikati ya wiki tutawaambia nini watu?"

"Imeanguka lini seva hii? Lini? Unatetemeka kama kuku aliyeona kivuli cha mwewe."

"Kuku huyo ndiye anayebaki na vifaranga."

Hapo ndipo mwalimu mkuu alipocheka tena, na safari hii hakujisumbua kukohoa. Bwana Seva alihisi masikio yake yakiwaka moto. Akaingia chumba cha ndani, akabadilisha mpangilio, akatoka na kumwambia mdogo wake maneno ambayo mtu hayasemi kwa mtu wa tumbo moja: "Ukipata ofisi yako utaamua. Hapa funguo zangu ziache mezani."

Mdogo aliziweka mezani polepole, zisipige kelele. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Ndivyo utakavyosema, sivyo?"

"Ndivyo."

"Sawa. Na mkuu asiyesikia kabisa, anavunjika nini?"

Hakungoja jibu. Barua za mwalimu mkuu zikafunguka, mteja akashukuru, na mchana ule kila mtu alimwona Bwana Seva kuwa ndiye mtu.

Kila asubuhi baada ya hapo seva ilimwandikia ujumbe: nakala ya usiku imeshindikana. Mara ya kwanza aliusoma akasema, "Najua." Mara ya pili akasonya. Mwishowe alitengeneza folda akaiita Kelele, akaiagiza mashine itupie humo kila ujumbe wa namna ile bila kumsumbua. Diski kubwa hakuinunua. Ya nini, na hii haijai tena? Akasahau, kama tunavyosahau kitasa kibovu kwa sababu mlango bado unafungika.

Nyumbani kwake mambo yalikuwa mazuri. Mke wake alikuwa mkunga, mwanamke wa kazi, asiyekaa. Chai aliinywa amesimama, simu aliipokea akitembea. Walikuwa na binti mmoja tu, na mdomo wa binti huyo ulikuwa hauna likizo. Aliongea akiwa anapiga mswaki, aliongea usingizini, aliongea na taa ikikatika. Wakamwita Chiriku, na majirani nao wakawaita wazazi Baba Chiriku na Mama Chiriku. Baba alikuwa akilalamika, "Mwanangu, masikio yangu ni mawili tu, si ghala." Naye angejibu, "Basi baba, kodisha mengine." Nyumba ikacheka.

Kisha sauti ile ikaanza kukwaruza. Wakadhani mafua. Mama yake, ambaye macho yake yamezoea miili ya watu, alimshika shingo siku moja akaitoa mikono haraka kama aliyegusa sufuria ya moto. Palikuwa na uvimbe.

Hospitali iliyoweza kazi ile ilikuwa mbali. Chiriku alisindikizwa na shangazi yake. Baba alibaki kwa sababu ya ofisi. Tangu amfukuze mdogo wake hakuwa na wa kumwachia. Mama alitembelea alipopata ruhusa, akarudi zamu. Binti akapasuliwa, akawekewa mrija kooni, na daktari akasema asijaribu kusema mpaka utakapotolewa.

Hebu fikirini. Chiriku, asiseme!

Basi akawa anaandika. Baba yake alikuwa amemfungulia sanduku la barua kwenye seva ile ile, jirani na la mama yake. Aliandika kwenye tableti ya shangazi, kwa kuingia moja kwa moja kwenye seva, bila kitu kubaki kwenye tableti. Mama naye alizisoma kwa simu yake kwa njia hiyo hiyo. Kila kitu kilikaa mahali pamoja, kwenye chumba chenye kiyoyozi juu ya duka la viatu, na Bwana Seva alijivunia hilo. "Barua za mwanangu," alimwambia mke wake, "hazilindwi na mtu baki. Nazilinda mwenyewe."

Kila siku ilikuja barua. Mama alikuwa akizisoma kwenye korido za wodi, kati ya mama mmoja na mwingine, akicheka peke yake mpaka wauguzi wakamshangaa.

Alhamisi moja asubuhi simu ilitetemeka mfukoni. Alikuwa na wanawake wawili wanaojifungua kwa mpigo, mmoja anatokwa damu. Alichungulia. Kichwa cha barua kilisema: *Mama, hii isome ukiwa umekaa.*

Akairudisha simu mfukoni. Nitakaa jioni, alijisemea. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake aliamua kukaa.

Mchana umeme ulikatika mjini, kisha ukarudi kwa kishindo. Duka la viatu liliunguza taa mbili. Juu yake, kifaa kinachoendesha diski za seva kiliungua, na kabla hakijazima kilikuwa kimeandika takataka katikati ya hifadhidata. Jioni mama alipoketi sebuleni na kufungua simu, hakuna kilichofunguka.

"Baba Chiriku, barua yangu."

"Seva imeanguka. Usijali, kesho itakuwa imesimama."

"Ipo lakini?"

"Ipo, mama. Itakwenda wapi?"

Mumewe alikuwa bado na maneno hayo mdomoni simu ya mama ilipolia. Alikuwa shangazi. Alilia tu, na mama, aliyezoea kuwaambia watu habari za aina zote mbili, alielewa kabla hajaambiwa. Damu ilikuwa imevuja ndani, pale walipopasua. Ilikuwa haraka. Shangazi alipoweza kuzungumza alisema kwamba asubuhi binti aliandika kwa muda mrefu, akajifunika shuka ili asichunguliwe, na shangazi alipouliza ni nini alimwandikia kwenye kiganja kwa kidole: *Ya mama.*

Wakamzika. Watu walikuja, wakakaa, wakaondoka. Katikati ya yote mama alikuwa anashika simu, anaigusa, anaiweka. Aliyempa pole alijibiwa, "Ahsante. Kuna barua yake sijaisoma. Mume wangu anaitengeneza." Alisema hivyo kwa sauti tulivu kabisa. Bwana Seva alisikia kila mara, na kila mara alitoka nje.

Alikuwa ameshajaribu. Aliponunua kifaa kipya na kuwasha seva, aliifungua orodha ya nakala za usiku akitegemea kuzikuta za Jumatatu, Jumanne na Jumatano. Hakukuta hata moja. Akakumbuka mlango, mwalimu mkuu na kicheko chake. Akafungua folda ya Kelele. Ujumbe ulikuwa umejipanga humo, wa asubuhi moja baada ya nyingine, wote ukisema kitu kimoja.

Mdogo wake alikuja msibani bila kuitwa. Alibeba jeneza, akapanga viti, akaosha vyombo na wanawake. Watu walipopungua alimfuata kaka yake nyuma ya nyumba.

"Shemeji ananiambia kuna barua. Seva ikoje?"

Kaka alitazama chini. "Twende ukaone."

Ofisini mdogo hakuhitaji kuonyeshwa. Alikaa kwenye kiti chake cha zamani, akafungua mpangilio, akaona neno lile lile. Mzunguko.

"Hukuirudisha."

"Nilisema ni kwa muda."

Mdogo hakusema *nilikwambia*. Ingekuwa rahisi zaidi angesema. Alivua koti akaanza kazi. Alirudisha nakala ya Jumapili, ikakubali. Akatafuta logi, zilizobaki zilikuwa za saa ile ya mwisho kabla ya ajali, na kati yake na Jumapili hapakuwa na kitu, maana seva ilikuwa imejiandika juu yake yenyewe tena na tena. Alizichungulia hizo chache moja moja. Akalijaribu sanduku lililoharibika kwa kila chombo anachokijua, akawapigia mafundi wenzake wawili, akajaribu walichomwambia. Jua lilihama kutoka dirisha moja hadi jingine.

Mwishowe aliegemea kiti. "Kaka, haipo. Na sanduku la Chiriku lilikuwa humu humu, kwa hiyo hata upande wake aliotuma haupo."

Bwana Seva alitikisa kichwa. Hakulia. Uso wake ulikuwa kama wa mtu anayesikiliza kitu cha mbali.

Mdogo alimtazama, akashindwa kuvumilia. Huruma nayo hupotosha, wazazi wenzangu. "Mwandikie," alisema taratibu.

"Nani?"

"Wewe. Hiyo barua. Unajua jinsi mtoto alivyokuwa anaongea. Tarehe na saa nitaziweka mimi, hakuna atakayegundua. Shemeji ataisoma, atalia, atalala. Tangu msiba hajalala yule."

Bwana Seva alivuta kibodi. *Mama mama mama*, aliandika, maana ndivyo binti alivyokuwa akianza kila wakati, kama anayebisha hodi. *Umekaa? Usinidanganye, najua umeegemea ukuta.* Vidole vikaendelea. Mstari wa tatu, wa nne. Akasimama, akasoma. Ilifanana naye. Ilifanana kabisa, na hilo ndilo lililomtisha.

"Ataisoma mpaka uzeeni," alisema. "Ataibeba kila aendako. Jioni atanisomea kwa sauti, na mimi nitakaa pale nasikiliza maneno yangu mwenyewe nikimwita yeye mama."

"Kaka, mimi nilitaka tu..."

"Najua ulichotaka, mdogo wangu. Safari hii nakwambia hapana, na sababu unayo."

Akafuta mistari yote. Akaondoa mzunguko kwenye mpangilio, akasukuma funguo za ofisi mpaka mbele ya mdogo wake, akatoka kwenda nyumbani kwa miguu.

Mke wake alikuwa jikoni, anasuuza vikombe vya wageni. Aligeuka kabla hajaitwa.

"Imerudi?"

"Imerudi mpaka Jumapili."

"Na Alhamisi?"

"Haipo. Haitarudi. Za Jumatatu, Jumanne na Jumatano nazo hazipo."

Alikausha mikono kidole kimoja kimoja. "Umeme?"

Jamani, mlango ulikuwa wazi hapo. Angesema ndiyo, na ungekuwa nusu ya ukweli, na ndoa ingeendelea juu ya nusu hiyo.

"Umeme uliharibu. Aliyefanya isirudishike ni mimi. Kulikuwa na namna ya kutunza ambayo isingepoteza hata neno, mdogo wangu akaitetea mbele ya mteja, mteja akacheka. Nikachagua nyingine ili nionekane mkubwa. Nikamfukuza. Seva ikawa inanionya kila asubuhi, nikaiziba mdomo."

Maji yalikuwa bado yanatiririka. Hakuna aliyeyafunga.

"Nilimtii," mama alisema. "Mimi mtu wa kusoma faili za wagonjwa nikikimbia. Kaniambia nikae, nikasema leo ngoja nimtii mtoto. Ningekaidi tu, Baba Chiriku. Ningekaidi, ningekuwa nayo."

"Si kosa lako."

"Sikukuuliza kosa la nani. Umeshanijibu."

Alipita mbele yake bila kumgusa, akaingia sebuleni. Yeye alibaki jikoni, amesimama katikati ya vikombe, akingoja kusikia mlango wa chumba ukifungwa, au sanduku la nguo likivutwa. Kilichokuja ni sauti ya droo.

"Njoo huku," mke wake aliita. "Njoo na kalamu. Hii haiandiki."

Akaja. Mkewe alikuwa ameweka karatasi mezani, mbele ya kiti cha mumewe.

"Za siku tatu nilizisoma," alisema. "Juzi nilikuwa nakumbuka lile neno ambalo Chiriku alimcheka nalo daktari wa zamu. Leo asubuhi nimelitafuta sijalipata. Zinanitoka. Keti uandike kabla hazijaisha zote. Usirembeshe. Nisipokumbuka, acha nafasi."

Akaketi.

"Jumatatu. Mama mama mama. Supu ya huku imepita karibu na kuku, lakini hawakusalimiana."

Aliandika.

"Jumanne. Shangazi amegombana na muuguzi kwa ajili ya mto. Ameshinda. Sasa tuna mito mitatu na adui mmoja. Halafu kuna kitu kuhusu dirisha... acha nafasi."

Akaacha nafasi.

"Jumatano." Alinyoosha karatasi kwa kiganja. "Jumatano ilikuwa na salamu zako. Sikukupa, ulikuwa hujarudi kutoka kazini, halafu nikapitiwa. Andika. Mwambie baba mrija ukitoka nitaongea mwezi mzima bila kumeza mate, mpaka yeye mwenyewe amwombe daktari aurudishe."

Kalamu ilisimama. Mabega ya Bwana Seva yakaanza kutikisika, na sauti iliyomtoka haikuwa ya mtu mzima. Mke wake hakumbembeleza. Alingoja.

"Umeandika?"

"Naandika."

Akaandika mpaka neno la mwisho. Mke wake akachukua karatasi nyingine, akaiweka mbele yake. Ilikuwa nyeupe pande zote.

"Hapo juu andika Alhamisi."

Akaandika Alhamisi.

"Basi. Iache hivyo."

FUNZO

Wazazi wenzangu, na ninyi mnaotunza vitu vya watu, sitazunguka.

Unapochagua namna ya kutunza nakala, usijiulize ipi haitakusumbua leo. Jiulize: ikiharibika sasa hivi, nitarudi mpaka siku gani, na ni nani atakayelia kwa yaliyobaki nje? Ukishajibu, chagua. Kisha jaribu kurudisha kabla hujalazimika. Nakala ambayo hujawahi kuirudisha ni matumaini tu.

Onyo linalokuja kila siku haliwi kelele kwa sababu tu limekuchosha. Na jambo la muda lisilo na siku ya kuondolewa ni la kudumu, hata ulipe jina gani.

Wewe mkubwa, sikia. Aliyezaliwa nyuma yako ana macho mawili kama wewe. Aibu ya kukosolewa mbele ya mtu huisha mtu huyo akishuka ngazi. Angalia ni nini unachokitoa ili kuikwepa.

Na ukishakosa, sema. Usimtungie mwenye uchungu faraja ya uongo, hata kama mkono wako unaiweza. Mwachie nafasi yake tupu. Hiyo angalau ni yake.